Mke Mwenza Mwenye Sharubu

Jirani zangu, naomba dakika zenu chache. Nusu ya habari hii mnaijua, na nusu hiyo mmeitia chumvi mpaka haimezeki. Juzi kinyozi wangu, wembe ukiwa shingoni mwangu, alinieleza kwamba Fundi Vioo alimezwa na samaki, akakaa tumboni, kisha akatemwa akiwa mzima. Nilinyamaza kwa sababu ya wembe. Leo sina wembe shingoni, kwa hiyo nasema: hakumezwa na samaki wala na kitu chochote. Nilikuwepo. Nitawaeleza yote, pamoja na sehemu yangu mimi, ambayo ningependa kuiruka lakini bila hiyo habari haisimami.

Tuanze mahali pazuri.

Jumapili mchana, kwenye yale machimbo ya mawe yaliyoachwa. Mnapajua: shimo refu, kuta zake zimekatwa wima kama mkate. Kampuni ilipoondoka ilizima mashine za kuvuta maji, na maji yakapanda yenyewe kutoka chini, safi na baridi, yakafunika barabara ya malori, ngazi za chuma na kile chumba cha mashine ya kusagia mawe. Sasa ni ziwa dogo lenye kina cha mita kumi na nane. Sisi watu kumi na wawili tuna chama chetu cha kuzamia pale. Tuna mitungi ya hewa, miwani ya majini, mapezi ya mpira ya kuvaa miguuni, na kompresa moja inayokohoa kuliko babu yangu.

Jumapili hiyo Mama Rula alikuwa amekaa juu ya jiwe bapa, viatu amevua, chupa ya chai pembeni. Tunamwita hivyo kwa sababu yeye ndiye anayepima madirisha ya wateja kwenye karakana ya mumewe, Fundi Vioo, na hakuna sentimita iliyowahi kumdanganya. Binti yao wa miaka kumi alikuwa amelala kifudifudi anafanya hesabu za shule. Mlinzi wa lango alikuwa kwenye kiti chake. Huyu ni kaka mkubwa wa Mama Rula, na tunamwita Kufuli, kwa ajili ya mdomo wake na siyo kwa ajili ya lango. Anaweza kumaliza wiki kwa maneno ishirini na akabakiwa na chenji.

Mimi nilikuwa nimetangulia kutoka majini dakika moja tu. Mapovu yakapanda. Kichwa cheusi kikaibuka, kikatema mpira wa kuvutia hewa, kikapiga kelele.

"Nimemwona!"

"Umemwona nani?" aliuliza Mama Rula.

"Kambare! Mke wangu, kambare! Kwenye chumba cha mashine. Mrefu kuliko mimi!"

"Umempima?"

"Kwa macho."

"Kwa macho hata mimi ni mwembamba."

Tulicheka wote, hata Kufuli alitoa sauti fulani puani. Fundi Vioo hakujali. Alikaa ukingoni, maji yanamtiririka, akaeleza kwa mikono: kichwa kipana kama sahani ya kupakulia, macho madogo, sharubu ndefu zinazopapasa mawe kama vidole vya kipofu. Macho ya fundi mwenyewe yaling'aa. Ndipo mimi, ambaye mama yangu husema nilizaliwa nikiwa nacheka, nikafungua mdomo.

"Shemeji," nilimwambia Mama Rula, "pole sana. Umeletewa mke mwenza. Tena ana sharubu."

Alinirushia kifuniko cha chupa ya chai. Kuanzia siku ile kambare yule akaitwa Bi Mdogo. Jina likanata. Kumbukeni ni mimi niliyelibandika. Mimi huchora mabango, kubandika majina ndiyo kazi yangu.

Sasa niwaeleze sheria zetu, maana mambo yote yalianzia hapo. Chama kina sheria mbili tu. Ya kwanza, hakuna anayezamia peke yake; kila mtu na mwenzake. Mwenzake wa Fundi Vioo alikuwa mimi. Ya pili ni ubao. Upo ubao mlangoni pa kibanda cha Kufuli, una safu mbili za misumari. Upande wa kushoto nimeandika MAJINI, wa kulia NCHI KAVU. Kila mwanachama ana kibati chake, kifuniko cha kopo nilichokipaka rangi na kuchora alama yake. Ukiingia majini unakihamishia kushoto. Ukitoka unakirudisha kulia. Kufuli hafungi lango mpaka vibati vyote viwe nchi kavu. Ni kitu cha kijinga kabisa kukitazama, lakini kwa miaka sita hatujampoteza mtu.

Kibati cha Fundi Vioo nilikichora kambare mwenye sharubu na herini masikioni. Najua kambare hana masikio ya kutogwa. Hiyo ndiyo sanaa.

Mwanzoni alikuwa anazamia Jumapili. Ikaongezeka Jumamosi. Halafu ikaja Alhamisi, "nusu saa tu, mdogo wangu, kazi imepungua." Kazi haikuwa imepungua. Zahanati ilikuwa inasubiri vioo vya madirisha tisa na wagonjwa walikuwa wanapigwa na upepo nyuma ya karatasi za nailoni. Mama Rula alikuwa amepima, ameandika, ameweka karatasi mezani. Kilichobaki ni mkono wa fundi. Na mkono ule, jamani! Mliowahi kumwona akikata kioo mnajua. Anaweka rula, anapitisha kile kikatio chenye kigurudumu mara moja tu, sauti kama khanga inayochanwa, anagonga kidogo kwa chini, na kioo kinaachana na mwenzake kwa amani. Hakuwahi kurudia mkato.

Lakini wakati wa kula alikuwa anazungumzia Bi Mdogo. Asubuhi Bi Mdogo. Mteja akija kuagiza kioo cha kujitazamia, anasimuliwa Bi Mdogo. Binti akileta daftari lenye alama nzuri, baba yake anachora kambare nyuma ya daftari.

"Mwenzangu," nilimtania Mama Rula siku moja, "zamu yako ya kukaa na mume ni siku gani?"

"Siku maji yatakapokauka," alijibu. Alicheka, ila alicheka kwa mdomo tu.

Alhamisi moja Fundi Vioo alitoka karakana mbio. Alikuwa amekata vioo viwili vya zahanati, akaona saa, akaacha vipande vya mabaki sakafuni bila kufagia. Fundi vioo asiyefagia! Ni kama mpishi aache moto unawaka kwenye pazia. Saa tisa binti akarudi kutoka shule, akavua viatu mlangoni kama alivyofundishwa, akaingia ndani kumtafuta baba yake.

Baba yake alikuwa mita kumi na nane chini ya maji, pamoja na mimi, tunamulika tochi kwenye chumba cha mashine.

Mama Rula alimbeba binti mgongoni mpaka zahanati. Mtoto alishonwa nyuzi nane kwenye unyayo, katika chumba chenye dirisha la nailoni, dirisha namba nne kwenye karatasi ya mama yake. Mama alipiga simu kwa mumewe mara kumi na moja. Simu ilikuwa inaita ndani ya kiatu, kando ya maji.

Usiku wa Alhamisi hiyo sikuwepo nyumbani kwao, lakini Fundi Vioo mwenyewe alinisimulia. Anasema mkewe hakupiga kelele. Alifagia karakana yote, akarudi kukaa mbele yake.

"Sikukatazi maji," alimwambia. "Ulikuwa unazamia kabla hujanioa. Ninachokataa ni kutojua uliko. Siku ya kazi ukienda kule, niambie. Na ukishatundika kibati, kaka atanipigia simu. Nataka tu kujua uko wapi. Hilo ni kubwa?"

"Siyo kubwa," alisema.

"Basi niahidi."

Akaahidi. Na nadhani wakati ule alimaanisha. Alimaliza madirisha yote ya zahanati kwa siku tatu, akambeba binti kwenda na kurudi shule, na kwa wiki mbili kina cha maji hakikutajwa.

Sasa jirani, kama kuna mtu uliyemwahidi kitu, anza kusikiliza vizuri.

Siku moja Fundi Vioo alikuja ninapofanyia kazi. Alizungukazunguka makopo yangu ya rangi, akajikuna kichwa, akasema: "Mdogo wangu, nikwambie kitu. Nilimwona nikiwa peke yangu."

"Nani?"

"Bi Mdogo. Jumanne. Tukiwa wawili tunamtisha, tochi mbili, mapovu mengi. Peke yangu nilizima tochi, nikatulia. Akaja mwenyewe. Akanipapasa kiganja kwa sharubu zake. Hivi." Akanipapasa kiganja kwa ncha za vidole, taratibu. "Sijawahi kuona kitu kama kile maishani."

"Jumanne? Mbona Kufuli hakumpigia simu shemeji?"

Hapo akacheka kicheko cha mtoto aliyeficha sukari. "Kibati sikutundika. Nilipita upande wa nyuma, kwenye tundu la uzio. Mtungi nilijaza Jumapili nikauficha kwenye majani."

Mnaona ujanja huo? Kibati kiliwekwa ili watu wajue mtu yuko majini. Yeye alikiacha nchi kavu ili mkewe asijue. Hakufikiria kwamba maji nayo hayasomi ubao. Na mimi, mwenzake wa majini, niliyepaswa kumshika ukosi nikamwambia acha upuuzi, nilisemaje?

Nilisema: "Kaka, umeanza kumtembelea Bi Mdogo kwa mlango wa nyuma!"

Tulicheka mpaka nikamwaga rangi. Alipoondoka alisema, "Ukiulizwa, niko na wewe." Nikamjibu, "Wewe nenda, msalimie." Hiyo ndiyo sehemu niliyotaka kuiruka.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano. Fundi Vioo alimwambia mkewe anakwenda kupima upya madirisha mawili ya shule mpya, kwamba anapitia kwangu nimsaidie kushika ngazi. Saa kumi na robo aliingia majini kupitia upande wa nyuma. Mtungi mmoja, kwa kina kile, ukipumua kwa utulivu unakupa kama dakika arobaini. Ukipumua kwa hofu, toa kumi.

Mimi nilikuwa juu ya ngazi naandika bango la duka la viatu. Saa kumi na nusu simu ikaita.

"Shemeji, uko na mume wangu?"

"Niko naye, shemeji," nilisema. Ulitoka wenyewe, uongo, laini kama rangi ya mafuta. "Tunapima hapa."

"Mpe simu."

"Mikono yake michafu. Ana saruji mpaka puani, anafanana na sanamu."

Hakucheka. "Mwalimu mkuu yuko hapa karakana, amekuja kuulizia madirisha yake. Anasema hajamwona fundi leo."

"Ah... tuko upande wa nyuma wa shule."

"Rula yake iko hapa mezani. Futi ya kupimia iko hapa mezani. Penseli iko hapa. Shemeji, mnapima madirisha kwa nini? Kwa pua?"

Nilikuwa na mzaha tayari mdomoni. Naapa ulikuwa mzaha mzuri. Lakini nilisikia anavyopumua, nikashuka kwenye ngazi.

"Yuko machimbo," nilisema. "Peke yake. Kibati hakutundika."

Alikata simu. Hakunitukana, na mpaka leo natamani angenitukana.

Alimpigia kaka yake. Kufuli alitoka kibandani, akatazama ubao. "Kibati chake kiko nchi kavu, dada."

"Sikuulizi kibati, kaka. Nakuuliza macho yako. Tazama maji."

Kufuli akatazama maji. Upande wa mbali, juu ya chumba cha mashine, aliona mapovu. Kufuli hajawahi kuzamia, lakini amekaa miaka sita akitutazama, na anajua jambo moja: mapovu ya mzamiaji hutembea, kwa sababu mzamiaji anatembea. Haya yalikuwa yamesimama pale pale.

Mimi nilifika kwa pikipiki ya muuza viatu, sikumbuki kama niliomba. Kufuli alikuwa ameshautoa mtungi wa akiba na kamba, amevisogeza ukingoni, na ameongea maneno mengi kuliko mwezi mzima.

"Yamepungua," alisema. "Yalikuwa yanakuja kwa mkupuo. Sasa yanakuja machache. Fanya haraka. Hebu fanya haraka."

Wakati navaa, maji yalifunguka mita tatu kutoka ukingoni, na kichwa kipana kikajitokeza. Alikuwa Bi Mdogo mwenyewe. Kambare ana namna yake ya kupanda juu kuvuta hewa, maji yakimchosha. Akavuta pumzi moja, akafunga mdomo, akashuka zake taratibu. Sikuwahi kumwonea mtu wivu kama nilivyomwonea samaki yule, kwa ajili ya rafiki yangu.

Mama Rula akafika anakimbia, penseli yake mwenyewe iko sikioni. Alisimama mbele ya ubao, akakitoa kile kibati chenye herini kwenye msumari wa NCHI KAVU, akakitundika MAJINI.

"Angalau ubao useme kweli," alisema. Kisha akaishika kamba nyuma ya kaka yake.

Nilishuka na kamba kiunoni. Mvuto mmoja, niongezeeni. Mivuto miwili, nivuteni. Juu maji yalikuwa safi, nikaona paa la chumba cha mashine. Chini ya hapo palikuwa na wingu la tope, kijivu, zito, huoni mbele wala nyuma. Tochi ilikuwa haina maana. Nilipapasa mlango, nikapapasa ukuta, nikapapasa kitu laini, pezi la mpira. Kisha mkono ukanishika kifundo kwa nguvu ambayo alama yake nilikaa nayo wiki nzima.

Baadaye alinieleza. Alikuwa amezima tochi kumsubiri Bi Mdogo. Bi Mdogo alikuja, akashtuka, akapiga mkia, tope lote la miaka likainuka. Fundi Vioo alipogeuka, koki ya mtungi wake ikanasa kwenye waya wa chuma wa mashine, ule uliosokotwa, mnene kama kidole. Alivuta mbele, ukakaza. Alivuta tena, ukakaza zaidi. Angekuwa na mwenzake, mwenzake angenyoosha mkono akauchomoa kwa sekunde tatu. Peke yake mtu hawezi kufika mgongoni pake mwenyewe. Jaribuni kujikuna katikati ya mgongo, mtanielewa.

Nilimpa mpira wangu wa pili wa hewa. Aliudaka kwa meno. Nikamfungua mikanda, bega moja, bega la pili, tumbo, nikauacha mtungi wake unaning'inia kwenye waya. Alikuwa huru. Nikavuta kamba mara mbili.

Hapo ndipo hofu ilipomshinda. Sheria ya wazamiaji wote inasema panda polepole kuliko mapovu yako madogo. Yeye alinipiga teke la miwani, akautema mpira, akafyatuka kwenda juu kama kizibo. Nilimshika mguu, ukaniponyoka.

Alipofika juu damu ilikuwa inamtoka puani. Walimvuta, wakamlaza juu ya lile jiwe bapa la Jumapili. Alikuwa hai, macho wazi, anamtazama mkewe.

"Mikono yangu," alisema. "Siisikii mikono yangu."

Alilazwa wiki tano. Daktari alitueleza kwamba ukipanda kwa kasi namna ile, hewa iliyoingia mwilini kwa mgandamizo inageuka mapovu ndani ya damu, na mapovu yanaumiza mishipa ya fahamu. Miguu ilirudi. Mikono ilirudi nusu. Vidole vinafunga na kufungua, lakini ncha zake hazina habari. Ukimwekea kioo na karatasi, afumbe macho, hajui kipi ni kipi.

Siku moja nilikaa nao wodini, nikiwa nimejibanza pembeni ya kitanda na machungwa yangu.

"Ungeniambia tu," Mama Rula alimwambia.

"Ungekataa."

"Ningekataa. Tungegombana. Ungeninunia siku mbili." Alimfuta mdomo. "Ukiwa mzima."

Fundi Vioo aligeukia ukutani. Mimi nikamenya chungwa ambalo hakuna aliyeliomba.

Siku hizi ukipita karakana utaona Mama Rula ndiye anayekata. Alijifunza kwenye mabaki, miezi mitatu, akajikata mara nyingi. Mkato wake ni mzuri, ila haujawa wimbo. Mumewe anasoma vipimo kutoka kwenye karatasi na kukandamiza rula kwa viganja viwili isihame. Kuna asubuhi niliwapitia. Kioo kilikuwa kimekatika mshazari mezani na kikatio kiko sakafuni, na nilijua ni nani aliyejaribu. Mama Rula alikichukua kile kioo kilichoharibika, akakitazama, akasema, "Hiki kitatoa fremu tatu za picha. Shika rula, mume wangu." Akaishika.

Binti anafagia kila jioni. Hakuna aliyemwagiza. Anafagia mara mbili.

Chama kilifungwa kwa muda, tukaliziba lile tundu la uzio wa nyuma, tukafungua tena. Jumapili ya kwanza familia ile ilikuja. Fundi Vioo hakuja kuzamia, daktari amempiga marufuku ya maisha. Alikwenda moja kwa moja kwenye ubao. Kibati chake kilikuwa bado kinaning'inia MAJINI, pale pale alipokitundika mkewe. Miezi minne hakuna aliyekigusa; Kufuli alikataa. "Mwenyewe atakitoa," alisema, na hayo yalikuwa maneno yake ya wiki.

Fundi Vioo alinyoosha mkono. Vidole vilikipapasa kibati, vikateleza. Akajaribu tena, kikazunguka msumarini kikilia kiliki, kiliki. Binti alitaka kumsaidia, mama yake akamshika bega. Sote tulisimama. Nilikuwa na mizaha, msidhani sikuwa nayo. Niliimeza mmoja mmoja.

Mwishowe alikibana kwa viganja viwili, kama mtu anayenywa maji ya mto, akakinyanyua, akakipeleka upande wa kulia. Kilichukua muda. Kilipokaa kwenye msumari wa NCHI KAVU, alikitazama kidogo, halafu akamgeukia mkewe.

"Niko hapa," alisema.

"Nakuona," alijibu Mama Rula, akamimina chai.

FUNZO

Jirani zangu, siwaambii msipende kitu. Penda samaki, penda mpira, penda kufuga njiwa. Fundi Vioo hakuumizwa na kambare. Bi Mdogo yuko kule chini hivi tunavyoongea, anapapasa mawe, wala hajui kama sisi tumewahi kuwepo duniani. Kilichomwumiza ni kuificha njia yake mbele ya watu ambao ndio pekee wangemfuata. Ukimdanganya wa nyumbani kwako kuhusu uliko, unadhani umeukwepa ugomvi; kumbe umeufuta msaada. Siku utakapokwama, ubao utasema uko nchi kavu, na watu watafunga lango waende zao kula.

Na wewe baba, wewe mama, kabla hujakimbilia hicho unachokipenda, fagia kwanza. Mtoto wako anaingia ndani bila viatu.

La mwisho ni letu sisi wachekeshaji, sisi tunaoambiwa "ukiulizwa, niko na wewe." Tunajiona marafiki wazuri kwa sababu tunajua kufunika. Mzaha wangu ndio uliomfanya Fundi Vioo aone jambo la hatari kuwa jambo la kuchekesha, na uongo wangu mmoja wa dakika moja ulikula dakika moja ya hewa yake. Nimehesabu. Rafiki wa kweli ndiye anayekuharibia safari ukiwa bado umevaa viatu.

Kwa hiyo, jamani, mimi nimeacha. Mkeo akinipigia simu kuniuliza uko wapi, nitamwambia. Kwa msimamo huu nimeshapoteza marafiki wanne mtaani. Wote wanne ni wazima, na wananinunia vizuri tu.